Mdogo wangu, mwanao ameniuliza kuhusu msumari

Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika hapa, watu wasome.

Juzi mwanao alinipigia kwa simu ya mama yake. Shuleni wamezungushia msumari waya wa shaba, wakaunga na betri, msumari ukanasa pini. "Shangazi, mbona nikitoa betri pini zinadondoka?" Anasema wewe ulimwambia akasome kitabu. Wewe, uliyelelewa na Baba!

Nilimweleza. Umeme ukipita kwenye waya, kuzunguka waya huo panakuwa na nguvu ya sumaku. Hans Christian Ørsted wa Denmark aliliona hilo mwaka 1820: alipitisha umeme kwenye waya, sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Ukiuviringisha waya mara nyingi nguvu zinajumlishana, na chuma cha msumari kinaziongeza. Umeme ukikatika, chuma laini kinapoteza usumaku karibu wote. Nikamwonya asiache betri imeungwa muda mrefu, waya utamchoma vidole.

Akauliza tena: na sumaku inaweza kutoa umeme? Nikashindwa kujibu, maana niliikumbuka baiskeli.

Njia ya Mikindani usiku, wewe mbele kwenye bomba, mimi kwenye keria. Baba akipanda kilima taa inafifia, akiteremka inawaka hadi tunaona popo. Dinamo ilisugua tairi, sumaku ndani yake ikazunguka kwenye koili, yaani waya ulioviringishwa, na sumaku ikisogea hivyo umeme unazalika. Michael Faraday aliligundua jambo hilo mwaka 1831. Hata mitambo ya umeme hapa Mtwara ni vivyo hivyo: gesi ya Mnazi Bay inazungusha injini tu, umeme wenyewe unatoka kwenye sumaku na koili za jenereta. Feni yako huko Dar inafanya kinyume, unaipa umeme inazunguka. Na spika ya simu unayonikatia ina sumaku na koili, ndiyo inayokuletea sauti yangu.

Baiskeli hiyo uliiuza siku ya arobaini, watu hawajanawa mikono. Vyuma chakavu! Wakaipima kwa kilo, wakairusha juu ya mabati, nao mlio ule ninao masikioni mpaka leo. Kama ulikosa nauli, si ungeniambia?

Mjomba alipouliza dinamo iko wapi, wote walikutazama wewe. Nikanyamaza. Niliifungua mimi alfajiri ile, kwa spana ya Baba. Ningesema, ungeiuza nayo. Miaka miwili nimemgeuza kitandani peke yangu, wewe unatuma salamu. Nilistahili kubaki na kitu chake kimoja. Lakini uliondoka Mtwara ukiitwa mwizi, na mimi nilikusindikiza hadi stendi bila kusema neno.

Ipo, kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, naipaka mafuta. Desemba mlete mtoto. Nitaifunga kwenye baiskeli ya jirani akanyage mwenyewe, aone. Mjomba naye nitamwita, nimwambie wewe ukiwa umekaa hapo.