Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wenzangu,

Mambo ya kawaida niyapitie haraka. Chama kiko hai. Ada zinakuja kwa kusuasua, kama ilivyo desturi yetu wastaafu, na mweka hazina atawasomea hesabu. Ukumbi wa Makole bado tunaazimwa, ingawa majirani wamelalamikia kelele zetu.

Kelele zenyewe zililetwa na mada moja. Tuliipangia Jumamosi moja tu, ikatula karibu mwaka mzima: mauaji ya kimbari yakianza katika nchi fulani, je, mataifa mengine yaingie kuyazima? Kwa kiti hiki nilitakiwa nisiegemee upande. Leo naegemea.

Mzee mwenzetu wa Bahi kwake mjadala uliisha siku ya kwanza: kijijini likipigwa yowe, asiyetoka anatozwa faini. Akapigiwa makofi. Mimi nikaomba tulitazame yowe la 1994. Mauaji yalipoanza Rwanda Aprili 7, Umoja wa Mataifa ulikuwa na askari wapatao 2,500 humo humo nchini. Wabelgiji 10 wakauawa, Ubelgiji ikaondoa kikosi chake, na Aprili 21 Baraza la Usalama likaamua wabaki 270. Yaani waliokuwa wamekwisha kufika waliambiwa waondoke! Katika siku 100 hivi waliuawa watu wapatao 800,000, na wengine husema milioni. Aliyeyakomesha ni RPF, jeshi la waasi lililokuwa likipigana na serikali, kwa kushinda vita, si jumuiya ya kimataifa.

Gharama ilitufikia sisi majirani. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kuingia kwetu Ngara ndani ya saa 24 hivi. Wengi wao hawakuwa Watutsi, wale waliokuwa wakiwindwa. Walikuwa wakiikimbia RPF, na wauaji wamejichanganya humo. Baadaye mahakama ikawekwa Arusha, na Septemba 1998 ikamtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kazi njema, ila haikumrudisha hata mmoja.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Walitukumbusha Libya: Machi 2011 Baraza liliruhusu nguvu itumike kulinda raia, ndege za NATO zikaendelea hadi Gaddafi akang'oka, na nchi ikagawanyika. Dada yetu aliyefundisha uraia akauliza nani atathubutu kuingia Urusi, China au Marekani. Hakuna. Lakini sioni kwa nini hilo liwe sababu ya kumwacha mtu wa Darfur, kule Sudan, afe.

Wengine walijivunia 1979, Tanzania ilipompiga Idi Amin wa Uganda. Tusitie chumvi: tulivamiwa kwanza, Kagera. Hata hivyo, Kampala ilipoanguka Aprili 11, ulipofika Julai tulilaumiwa kwenye kikao cha OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, kule Monrovia kwa kumwondoa Amin. Kanuni za wakati ule ziliwakinga watawala. Sasa zimebadilika: kifungu cha 4(h) cha hati iliyouanzisha Umoja wa Afrika, ya mwaka 2000, kinaupa Umoja haki ya kuingia palipo na mauaji ya kimbari. Desemba 2015 Baraza lake la Amani na Usalama likaidhinisha askari 5,000 waende Burundi, kulikohofiwa mauaji makubwa. Bujumbura ikakataa. Januari 2016 wakuu wa nchi wakaliweka jambo kando. Burundi haikufika kulikohofiwa, namshukuru Mungu, lakini wakuu wale hawakuwa na uhakika huo walipokuwa wakiahirisha. Msimamo wangu ni kwamba tuingie, tena mapema, na majirani watangulie. Sheria tunayo. Kinachotukwamisha ni marais wasiotaka kuingiliana leo wasije wakaingiliwa kesho.

Kamati inapendekeza tuandike barua kwa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama (tunakaa nayo mji mmoja, hatuna kisingizio cha nauli) tukiiomba iiulize serikali inasimama wapi kuhusu kifungu hicho. Rasimu iko kwa katibu. Wenye marekebisho wayalete kabla ya chai, kisha tupige kura, halafu twende kwenye uchaguzi wa viongozi.