Habari za roketi ni habari za mizigo

Mhariri,

Gazeti lako huzikumbuka roketi kwa mambo mawili tu: kitu kikilipuka, au mtu maarufu akipanda. Starship, roketi kubwa ya kampuni ya Kimarekani ya SpaceX, iliposambaratika juu ya visiwa vya Turks na Caicos Januari 2025, tuliwekewa picha ya moto angani nusu ukurasa. Aprili mwaka huohuo mwimbaji Katy Perry na wanawake wenzake watano walirushwa na kampuni ya Blue Origin kwa dakika kama 11 hivi, tukaelezwa mpaka mavazi waliyovaa. Katikati ya hayo mawili, roketi za Falcon 9, za SpaceX pia, zilikuwa zikiondoka Florida na California kila baada ya siku mbili tatu na shehena zake, na hatukuona hata mstari mmoja.

Mimi ni wakala wa kutoa mizigo hapa Mombasa. Elimu ya anga sina, lakini nauli naijua, na ninavyoona, habari hizi mngezihamishia ukurasa wa biashara zingesomeka vizuri zaidi.

Chukua Taifa-1. Aprili 15, 2023 magazeti yote yaliandika kuwa Kenya imerusha setilaiti. Kenya haikurusha kitu, Kenya ilisafirisha. Setilaiti ile, iliyogharimu shilingi milioni 50 na yenye urefu wa sentimita 30 hivi, iliwekwa pamoja na mizigo mingine kama hamsini ya wateja wengine ndani ya Falcon 9 moja, safari iliyopewa jina Transporter-7, kutoka Vandenberg, California. Safari iliahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, wakubwa wetu wakabaki wanakodolea macho skrini. Kazi hiyo bandarini tunaifanya kila wiki: wateja wadogo wasioweza kujaza kontena wanakusanywa, kila mmoja analipia kilo zake, na meli haimsubiri aliyechelewesha hati. Hakuna ubaya wowote hapo. Ubaya ni kwamba msomaji hakuambiwa chombo ni cha nani, nauli ni kiasi gani, wala kwa nini mzigo wetu ulipitia California.

Nauli yenyewe si siri. SpaceX ilipoanzisha huduma hii ya kuchangia roketi, bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 1 kwa kilo 200, yaani dola 5,000 kwa kilo. Sasa imepita dola 6,000. Inakuwaje bei ipande wakati gharama ya mwenye chombo inashuka? Maana kwamba imeshuka hakuna ubishi. Tangu Desemba 21, 2015, sehemu ya chini ya Falcon 9, yenye injini tisa, ambayo ndiyo ghali zaidi, kwa kawaida haiachwi tena ipotee. Ikishamaliza kazi inageuka, inarudi, na mara nyingi inatua juu ya tishari lisilo na mtu hata mmoja, baharini. Kama hujawahi kuitazama video yake, itazame: mnara wenye kimo cha jengo la ghorofa zaidi ya kumi unashuka kwa kasi, injini inawaka mara ya mwisho zikiwa zimebaki sekunde chache, miguu minne inafunguka, kisha moshi ukiondoka unakiona kitu kimesimama wima huku tishari likiyumba na mawimbi. Mimi nimeona winchi nyingi zikishusha kontena, na bado hilo linanishinda kuamini. Moja ya roketi hizo imekwisha kuruka zaidi ya mara 30.

Jibu la swali langu ni lile tunalolijua gatini: palipo na mwenye chombo mmoja, bei anaipanga yeye. Wapo wengine wanaojitahidi. Rocket Lab wanarusha roketi ndogo ya Electron kutoka Mahia, New Zealand, lakini hiyo ni teksi, si basi. Ariane 6 ya Ulaya ilianza kuruka Julai 2024, na kila ikiruka sehemu zake zote zinatupwa. New Glenn ya Blue Origin ilifanikiwa kurudisha sehemu yake ya chini baharini Novemba 13, 2025, katika safari yake ya pili, na wiki chache baadaye kampuni ya Wachina ya LandSpace ikajaribu na Zhuque-3, ikafika kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia, lakini sehemu ya kurudi ikaanguka na kuwaka. Kwa mtu wa Nairobi anayepanga kusafirisha setilaiti ya pili, habari ya Novemba 13 ilikuwa kubwa kuliko milipuko yote ya Starship. Ninyi hamkuigusa.

Sasa Malindi, maana najua nikiandika haya wapo watakaosema sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo tujenge kituo chetu cha kurushia roketi. Kiko. Majukwaa ya San Marco yamesimama baharini Ngomeni tangu miaka ya 1960. Kati ya 1967 na 1988 Waitaliano walirusha setilaiti tisa kutoka pale kwa roketi za Kimarekani za Scout. Mojawapo ndiyo iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa iliondoka Desemba 12, 1970, na ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Hata leo antena za nchi kavu zinafanya kazi: darubini ya James Webb ilipoondoka Guyana ya Ufaransa Desemba 25, 2021, mawimbi yake ya awali yalipokelewa Malindi.

Lakini hoja ya ikweta ni nusu ya ukweli, na wanasiasa wetu huitamka kana kwamba ni nzima. Dunia pale kwenye ikweta inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo huo bure. Ni faida kubwa kwa setilaiti za mawasiliano zinazokaa juu ya ikweta. Setilaiti za kupiga picha mashamba na misitu, kama Taifa-1, hupita karibu na ncha za dunia, kaskazini kwenda kusini, na huko msukumo wa mashariki hausaidii kitu. Zaidi ya hapo, roketi ikielekezwa kusini kutoka Ngomeni itapita juu au karibu ya Pemba na Unguja, kisha pwani ya Tanzania. Jirani gani atakubali? Mwandishi wako akienda kumhoji mtu yeyote anayeahidi kufufua San Marco, amuulize kwanza: mteja wako ni wa mzingo gani?

La mwisho ni Mukuku. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji hicho cha Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kuwa ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Mkapiga picha wanakijiji wameizunguka, na tangu hapo hamjarudi. Upo mkataba wa kimataifa wa 1972 unaosema nchi iliyorusha chombo inalipa uharibifu wa ardhini bila mwathirika kuhitaji kuthibitisha uzembe. Umewahi kutumika: setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954 ilipoangukia Kanada Januari 1978 na mabaki yenye mionzi, Moscow ililipa dola milioni 3 za Kanada mwaka 1981. Kwa hiyo swali la roketi ile ilikuwa ya nani ni swali la pesa. Na ajali nyingine za aina hii zitakuja. Februari 2025 mabaki ya Falcon 9 yaliangukia karibu na Poznań, Poland. Mwezi mmoja kabla, shirika la ndege la Qantas lilikuwa likichelewesha safari za Johannesburg kwa sababu vipande vya roketi vilipangiwa kushuka katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii.

Ombi langu ni dogo. Mpeni mwandishi mmoja wa biashara kazi hii. Aanze na Shirika la Anga za Juu aulize faili la Mukuku limefikia wapi, kisha aende Ngomeni, kilomita thelathini na kitu tu kutoka Malindi, aulize majukwaa yale yana hali gani na ni nani anayelipia matengenezo. Nauli za roketi zikibadilika, zichapisheni kwa shilingi na kwa kilo.

Wakala wa mizigo,
Mombasa