Barua kwa mdogo wangu: arobaini ya mama mkwe wako

Mdogo wangu mpendwa,

Poleni sana na msiba. Nimesoma rasimu ya ukurasa mnaotaka kugawa kanisani hapo Glendale, California. Inasema alikuwa mama mwenye upendo, mchapakazi, mcha Mungu. Ni kweli tupu, lakini ungeweza kuwa ukurasa wa mama yeyote. Mwandikeni kwa mji wa wazee wake, kwa kazi za mikono yake na kwa vipimo vyake.

Anzeni na Marash. Vyeti vyake vinasema alizaliwa Lebanoni, na wajukuu wanakomea hapo. Wazazi wake walikuwa Waarmenia wa Marash, mji wa kusini mwa Uturuki ya leo. Februari 1920 jeshi la Ufaransa liliuacha mji huo, na maelfu ya Waarmenia wakalifuata kwa miguu kwenye theluji. Wengi walifia njiani. Baadhi ya walionusurika walifika Beirut, Lebanoni, wakajenga kitongoji cha Bourj Hammoud kwenye kinamasi ng'ambo ya mto, na mitaa wakaipa majina ya kwao: Nor Marash, yaani Marash Mpya, Nor Adana, Nor Sis. Yeye ni mtoto wa Nor Marash. Vita vya Lebanoni vilivyoanza 1975 ndivyo vilivyomleta California na wanawe. Mkitafuta kumbukumbu zao, jaribuni tahajia zaidi ya moja ya kila jina. Waarmenia wa Beirut huandika Bedrosian na Garabed, wa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, huandika Petrosyan na Karapet, na makarani nao waliandika walivyosikia.

Padri apigiwe simu mapema. Sala ya marehemu, hokehankisd, husomwa Jumapili baada ya misa, nanyi mtachagua Jumapili iliyo karibu na arobaini. Lakini haisomwi kwenye sikukuu kuu tano: Noeli, ambayo kwao ni 6 Januari, Pasaka, Kugeuka Sura, Kupalizwa kwa Bikira Maria na Kutukuzwa kwa Msalaba. Siku inayofuata kila mojawapo ndiyo ya kuwakumbuka wafu na kwenda makaburini. Majina mpeni padri kwa maandishi, pamoja na ya wazazi wake.

Sasa jikoni. Mawifi zako watakwambia mama hakuwa akipima. Alikuwa akipima, kwa kile kikombe chake kidogo cha kahawa. Kichukue, kijaze suji mpaka pale alipokuwa akikomea, mimina kwenye mizani, andika gramu. Fanya hivyo kwa sukari na kwa chumvi, wao wakiwa wamesimama hapo wakubishie. Mabishano yao ndiyo yatakayokupa kipimo sahihi.

Kwa halva ya msiba, anza na vikombe 2 vya kawaida vya suji, gramu 225 za siagi, nusu kikombe cha mbegu za msonobari, vikombe 2 vya sukari na 4 vya maziwa. Yeyusha siagi, tia suji na mbegu kwa pamoja, koroga kwa moto mdogo kama nusu saa bila kuondoka. Mbegu zikiwa rangi ya asali, suji nayo imeiva. Ukizidisha moto, mbegu zitaungua suji ikiwa bado mbichi. Maziwa yenye sukari yawe ya moto, kwa sababu ya baridi huleta madonge. Epua sufuria, mimina kidogo kidogo ukijikinga na mvuke, koroga, kisha weka kitambaa chini ya mfuniko ili matone yasirudi ndani.

Harisa itakuwa rahisi kwako, maana ni ndugu wa bokoboko. Loweka kilo 1 ya ngano iliyokobolewa usiku kucha. Chemsha kuku wa kilo 2, toa mifupa yote, chambua nyama nyuzinyuzi, uirudishe kwenye supu pamoja na ngano. Moto uwe mdogo kabisa kwa saa 4 au zaidi, na maji ya kuongeza yawe yanachemka. Ikishika chini usikwangue: hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine, la sivyo harufu ya kuungua itaenea kote. Mwishoni tia chumvi, ipige kwa mwiko wa mbao mpaka ivutike, uimwagie siagi ya moto juu.

Kitu cha mwisho, na hiki kinanihangaisha kuliko vyote, ni vitambaa vyake vya mshono wa Marash. Geuza kimoja utazame. Nyuma utaona vistari vifupi tu. Hiyo ni hatua ya kwanza, kutega uzi wa msingi. Ya pili hupita juu na chini ya uzi huo bila kutoboa kitambaa, kwa hiyo ufumaji wote uko upande wa mbele, na uzi mmoja ukikatika fundo zima hulegea. Msivifue kwa mashine, msitie dawa ya kung'arisha wala wanga, msiviweke kwenye plastiki. Vizungushieni bomba la karatasi isiyo na asidi, upande wa mshono ukiwa nje, badala ya kuvikunja. Na kwenye ukurasa wa kanisani andikeni wazi kwamba ni yeye aliyevishona.

Wasalimie mume wako na mawifi. Waambie kama wanavyoambiana wenyewe: Asdvadz hokin lusavore, Mungu aiangazie roho yake.

Dada yako