Shosti, dozi ya tatu usiinunue kwanza

Mama Ilham shosti yangu,

Salamu kwanza, maana nikiingia moja kwa moja utasema nishakuwa mtu wa Dar sina adabu. Sisi hatujambo, watoto hawajambo, mvua tu ndo inatutesa, huku kwetu Mbagala unatoka na viatu miguuni unarudi navyo mkononi. Nisingekuuliza hali maana hali yako nimeisikia. Ile voisi ya dakika nane nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa kwenye daladala sikupata kitu zaidi ya kilio, ya pili usiku watoto wamelala ndo nikakuelewa vizuri kwamba dozi ya kwanza ya H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, ulimaliza mwezi wa nne, ukapima damu wakakwambia bado unao, ukanunua dozi ya pili ukameza siku 14 mdomo mchungu kama umelamba msumari, na juzi umepima tena damu wanasema BADO. Alafu sa hivi yule kijana wa famasi anakwambia ipo ya tatu, kali kuliko hizo, utoe hela.

Nimeona niandike nisipige, maana kwenye simu wewe huwa unanikatisha katikati alafu tunaishia kumsema wifi yako.

Sasa nisikilize. Hiyo dozi ya tatu usiinunue kwanza. Sikwambii huumwi, nakwambia kwamba kile kipimo cha damu hakina uwezo wa kukwambia umepona au hujapona, hata upime kila Ijumaa. Kile kipimo hakimtafuti mdudu. Kinatafuta kingamwili, yaani zile silaha ambazo mwili wako ulizitengeneza siku ulipomjua huyo mdudu, na mdudu akishakufa zenyewe haziondoki leo wala kesho, zinakaa miezi, kwa wengine miaka. Ni kama upite mtaani ukute turubai limefungwa na viti vimepangwa, unajua kuna shughuli, lakini shughuli ni ya leo au ilikuwa jana na wenye turubai hawajaja kulichukua? Turubai halisemi. Kwaiyo wewe inawezekana kabisa ulipona tangu mwezi wa nne, ile dozi ya pili ukaimeza bure, tumbo likachafuka kwa dawa zenyewe, ukasema ona mdudu bado ananila.

Najuaje haya? Nina aibu kukwambia lakini ngoja nikwambie. Kabla sijahamia hapa nilipo nilifanya kazi maabara ya kituo kimoja binafsi, sikitaji, pale hivyo vipimo vya damu vya H. pylori vilikuwa ndo mkate wetu, tone moja kwenye kidude cha plastiki, dakika kumi, mistari miwili, naandika pozitivu napeleka dirishani. Kuna mama mmoja alikuja mara tatu. Mara ya tatu alikuwa na mtoto mgongoni, akaniuliza dada hivi huyu mdudu wangu ni wa aina gani hafi? Nikamwambia nenda kamuone daktari. Nilikuwa nalijua jibu, nilisoma chuoni, nikanyamaza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na bosi hakupenda tuongee na wagonjwa. Sasa nilipokusikia wewe unalia nikamuona yule mama.

Haya twende kwenye cha kufanya. Kuna kipimo cha choo, kinachotafuta antijeni, maana yake vipande vya mdudu mwenyewe, siyo kumbukumbu yake. Na kuna cha kupuliza pumzi, unakunywa urea yenye kaboni iliyowekewa alama, mdudu kama yumo ataivunja na ile alama itatoka kwenye pumzi, ila hicho sidhani kama Tanga utakipata kirahisi, cha choo ulizia hospitali kubwa. Lakini, na hapa ndo watu wengi wanaharibu, uwe umekaa wiki NNE tangu antibayotiki ya mwisho, na wiki mbili bila omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi. Ile omeprazoli unayomeza kila asubuhi kama chai inamlaza mdudu, wanapungua, kipimo kinasema hamna kumbe wamejificha. Muulize daktari jinsi ya kuiacha hizo wiki mbili, kiungulia kikikubana zipo zile za kutafuna za kupunguza asidi atakuelekeza. Pia kagua kwenye mkoba wako, wewe na diklofenaki mko kama kidole na pete, mgongo diklofenaki, kichwa diklofenaki. Shosti hizo dawa zinatoboa tumbo zenyewe bila msaada wa mdudu yeyote. Vidonda vingi vya tumbo duniani vina sababu mbili kubwa, huyu mdudu na hizo dawa za maumivu, na wewe vyote umekutana navyo.

Mkweo na maji ya kabichi mwache anywe yeye. Maziwa baridi nayo yanakutuliza nusu saa alafu tumbo linamwaga asidi zaidi ya mwanzo. Pilipili na achari ya ndimu zinachoma penye kidonda ni kweli, ila hazikuleta kidonda.

Na hilo la Baba Ilham, eti ndo kakuletea kutoka huko anakokwenda. Mimi simtetei unajua, lakini kwa hili mwache. Huyu mdudu wengi tunampata utotoni nyumbani kwetu, mate, matapishi, choo, maji, vyombo vya pamoja. Bibi yako alikutafunia nyama? Wangu alinitafunia. Kama nusu ya watu wote duniani wanaye, na wengi wao hawaumwi chochote mpaka wanazikwa. Wanaotoka vidonda ni kama mmoja kati ya kumi hivi. Wataalamu walipochunguza vinasaba vyake waliona tulitoka naye hapahapa Afrika miaka kama 58,000 iliyopita watu walipoanza kusambaa kwenda huko duniani, hata yule maiti aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps, mtu wa zaidi ya miaka 5,000, walipochungulia tumboni mwake wakamkuta. Sasa na huyo naye kaletewa na Baba Ilham?

Umeniuliza kwenye voisi kwanini mwili usimuue wenyewe kama unavyoua mafua. Hili swali ndo nalipenda, nivumilie kidogo. Tumbo lina asidi kali, mdudu mwingine akiingia kwisha habari. Huyu anatoa kimeng'enya kinaitwa yureasi, kinavunja urea inakuwa amonia, amonia inapooza asidi pale pale alipo yeye, anajitengenezea kivuli chake. Alafu anaogelea kwa mikia yake mpaka ndani ya ule ute unaofunika ukuta wa tumbo, anakaa humo. Na mikia yenyewe! Mwili wetu una walinzi wa kunusa mikia ya bakteria, huyu wa kwake umebadilika umbo kidogo, mlinzi anapita hamnusi. Wengine wanamuona lakini, askari wanakuja wengi, wanajazana upande wa ndani wa ukuta, wanamwaga sumu zao miaka na miaka, yeye yuko kwenye ute upande wa pili hawamfikii. Wanachoumiza ni ukuta wenyewe. Yaani yale maumivu yako nusu yake ni wanajeshi wako mwenyewe. Na ndo maana hizo kingamwili unazo tele kwenye damu na hazikusaidii, ukipona hazikukingi hata kumpata tena.

Chanjo wanaitafuta siku nyingi. China walijaribu ya kunywa kwa watoto 4,464, majibu yakatoka 2015, mwaka wa kwanza ilizuia kama asilimia 72, tukashangilia maabara nzima, lakini mpaka leo hamna unayoweza kwenda kuchomwa wala kunywa.

Kuhusu kansa. Najua umegugo, nakujua. Ni kweli, tangu 1994 shirika la utafiti wa kansa la WHO limemuweka kwenye kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa uhakika, kansa ya tumbo. Lakini katika watu mia wenye mdudu wanaofika huko ni mmoja mpaka watatu, tena baada ya miaka mingi sana. Na kuna kitu kiliwashangaza wazungu, Afrika mdudu yuko kila nyumba lakini kansa ya tumbo wakawa wanaiona kidogo kuliko walivyotegemea. Wengine wakasema ni kwa sababu hatuna mashine za kuchungulia hatuioni tu, na mimi naona hilo lina uzito wake. Ila kuna jamaa wa Marekani, James Fox wa pale chuo cha MIT, mwaka 2000 alichukua panya akawapa ndugu wa huyu mdudu, wengine akawaongezea na minyoo, basi wale wa minyoo tumbo lao liliharibika kidogo kuliko wenzao! Minyoo ilikuwa inawapoza askari wa mwili, vita ikapungua makali. Nakuomba usiende kumwambia mkweo akaacha kuwapa watoto dawa za minyoo. Ni panya wale.

Unajua zamani ungeambiwa ni mawazo? Madaktari karibu wote walikuwa wanasema vidonda ni mawazo na asidi, bakteria hawezi kuishi tumboni, watu wakawa wanakatwa matumbo. Mpaka Warren, daktari wa patholojia, wale wanaochunguza vipande vya mwili, huko Perth Australia, 1979 akaanza kuwaona kwenye darubini, akaja kijana Marshall wakashirikiana, kila wakiwaotesha hawaoti. Sababu unaijua? Watu wa maabara walikuwa wanatupa sahani za kuoteshea baada ya siku mbili. Pasaka ya 1982 wikiendi ndefu sahani zikasahaulika kwenye joto siku tano, wamerudi wanakuta wameota. Yaani sisi watu wa maabara hata tukizembea tunaleta faida (usimwambie bosi wangu). Bado hawakuaminiwa, ndo 1984 Marshall akawakoroga kwenye kikombe akanywa, mkewe hana habari. Siku chache mdomo unanuka, anatapika asubuhi, siku ya kumi wakamchungulia, ukuta wa tumbo umevimba kwa ndani na wadudu wamo. Hakupata kidonda lakini, watu wanakuza, ukuta wa tumbo ndo ulivimba tu, akameza dawa yakaisha. 2005 wakapewa Nobel wote wawili. Mimi hapa nikimeza asubuhi chai bila kitafunwa nalalamika mpaka jioni.

Turudi kwako. Kwanini nakukataza dozi ya tatu siyo hela tu. Kila ukimeza antibayotiki bila kujua kama mdudu yupo unafundisha wadudu wengine wote waliomo mwilini kuzizoea, siku Ilham akiumwa kweli dawa hazishiki. Na kama kipimo cha choo kikisema yupo kweli, basi dozi ibadilishwe na daktari, zile zilizoshindwa zisirudiwe, mara nyingi wanaweka ya dawa nne yenye bismathi na metronidazo siku 14, choo kitakuwa cheusi kwa sababu ya hiyo bismathi usishtuke. Lakini SA HIVI, bila bismathi, ukiona choo cheusi kinanata kama lami, au umetapika damu, au chakula kinakwama kooni, au nguo zinakupwaya bila sababu, acha kusubiri wiki nne, achana na barua yangu, panda bodaboda nenda hospitali siku hiyohiyo wakuchungulie kwa kamera.

Dozi ya mwisho umesema ulimaliza tarehe 3. Nimehesabu kwenye kalenda, kuanzia tarehe 31 unaruhusiwa kupima, omeprazoli iache kuanzia tarehe 17. Yaandike nyuma ya mlango wa jikoni. Choo chukua kile cha asubuhi, kiasi cha kokwa ya tende kinatosha, jamani usinijazie kopo kama wale wateja wangu, na kifike maabara mapema kisikae juani.

Majibu yakitoka nipigie picha ya karatasi, usiniambie kwa mdomo maana utaongeza yako. Na kama hamna mdudu hiyo hela ya dozi ya tatu nitumie nusu.

Wako,
Mama Shamsa