Mnaionea Campari bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme neno kuhusu ukurasa wenu wa mapishi na vinywaji wa Jumapili iliyopita, uliofundisha namna ya kutengeneza Negroni nyumbani. Mimi ni mhudumu wa baa mstaafu. Nimewachanganyia watu kokteli hiyo miaka mingi, na niliposoma "ikizidi uchungu, ongeza kijiko cha sukari", nilivua miwani, nikaipangusa, nikasoma upya.

Kwanza nimtendee haki mwandishi wenu: viungo amevipatia. Pombe ya jini, Campari (ile pombe nyekundu chungu ya Kiitalia) na vermuti nyekundu tamu, kila kimoja mililita 30. Hata chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa kinaandika hivyo hivyo. Kilichonikera ni maneno matatu yaliyofuata: "toa vermuti kabatini".

Kabatini! Vermuti ni mvinyo, Mhariri. Imetiwa sukari, pombe kali kidogo na mitishamba, pakanga ikiwamo, lakini asili yake inabaki kuwa mvinyo. Chupa ikishafunguliwa, hewa huanza kuitafuna siku hiyo hiyo. Mahali pake ni kwenye jokofu, kizibo kimekazwa, na imalizwe ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ile chupa iliyofunguliwa sikukuu ya mwaka jana ikasahauliwa nyuma ya vikombe imekwisha kufa: harufu imeondoka, utamu umefifia, na kwa mbali unasikia ukakasi wa siki. Ukiimimina kwenye Negroni, Campari inakosa wa kushikana naye mkono. Mnywaji anakunja uso, anasema Campari ni chungu mno, na gazeti linampa sukari. Campari ya watu haina kosa. Hiyo ina sukari na pombe ya kutosha kujilinda, hata ikikaa rafuni haidhuriki upesi.

Anayetaka kuhakikisha amimine vermuti kidogo peke yake, baridi, aionje. Kama hawezi kuinywa hivyo, asiitie kwenye glasi ya mgeni. Na asiyekunywa mara kwa mara anunue chupa ndogo. Kubwa ni hasara hata ikiuzwa kwa bei nafuu.

Halafu huu uchungu wenyewe mbona unaogopwa hivi? Waitalia hunywa aperitivo kabla ya chakula cha jioni, pembeni pana zeituni au vitafunio vya chumvichumvi, na kazi ya uchungu ni kuamsha hamu ya kula. Antonio Benedetto Carpano alianza kuuza vermuti yake mjini Torino mwaka 1786, na Gaspare Campari akatunga kinywaji chake chekundu mjini Novara mwaka 1860. Ukiziunganisha hizo mbili na maji ya soda, unapata Americano. Inasimuliwa kwamba mnamo 1919, mjini Firenze, kabaila Camillo Negroni alimwomba mhudumu Fosco Scarselli amwongezee Americano yake makali, na Scarselli akatia jini badala ya soda. Wapo wanaobishia habari hiyo, nami sitaingia kwenye ubishi wao. Ninachojua ni kile ambacho ulimi unakiri: vinywaji hivi ni mtu na mdogo wake.

Kwa hiyo anayeona Negroni imemzidi nguvu asikimbilie bakuli la sukari, arudi kwenye Americano. Mililita 30 za Campari, 30 za vermuti, barafu, kisha soda kiasi anachotaka. Mgeni ambaye hajawahi kuonja Campari nilikuwa nampa hiyo kwanza, na sikumbuki aliyenilaumu.

Jambo jingine ni ule ushauri wa kutikisa kwa nguvu pamoja na barafu iliyopondwa. Kutikisa kunafaa kokteli zenye maji ya matunda, yai au krimu. Ukiitikisa Negroni unaijaza viputo, inapata ukungu, na rangi yake nzuri inapotea. Barafu iliyopondwa nayo huyeyuka haraka, ikakuachia maji mekundu. Weka mapande makubwa ya barafu kwenye glasi fupi, mimina vyote vitatu humo humo, koroga taratibu kwa kijiko kirefu kama nusu dakika, mpaka glasi itoke jasho kwa nje. Maji kidogo yanahitajika, yanafungua harufu, mafuriko hayahitajiki. Na tafadhali, barafu isiwe ile iliyolala kwenye friza jirani na samaki, maana hubeba harufu yote. Mwisho kata ganda la chungwa, pana, lisilo na nyama nyeupe nyingi, libinye juu ya glasi mafuta yake yaruke, kisha litumbukize.

Kuna jambo ambalo ukurasa wenu haukuligusa kabisa, nalo si la mchezo. Jini ya asilimia 40, Campari ya 25 na vermuti ya 16, mililita 30 kila moja, zinakupa takriban mililita 24 za pombe halisi katika glasi moja inayoonekana ndogo. Ndiyo maana aperitivo hunywewa polepole, na ndiyo maana anayeendesha gari hata moja haimfai.

Naomba, Mhariri, masahihisho yachapwe mahali pale pale, kwa herufi zile zile kubwa. La jokofu litangulie. La sukari lifutwe.

Wako,
Mhudumu wa baa mstaafu