Barua ya wazi: Mheshimiwa, mwenye funguo za mashine ya kuchajia ni nani?

KWA: Mheshimiwa mwenye dhamana ya vituo vya umma vya kuchajia magari ya umeme, Nyanda za Juu Kusini

YAH: MASHINE KUFA KWA KUKOSA UNITI

Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua mbili zimeshaletwa ofisini kwako, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na jibu likaja kwa mdomo kwamba suala linafanyiwa kazi. Tunaomba tuonyeshwe hiyo kazi, hata kwa mbali.

Ijumaa iliyopita saa 1 usiku, mashine ya kituo cha upande wa Uyole ilizima tena. Safari hii hakuna kilichoungua. Umeme haukukatika, maduka ya jirani yaliwaka taa kama kawaida. Mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, iliishiwa uniti, basi. Mashine iliyozinduliwa kwa ngoma na utepe imekufa kwa kukosa tarakimu 20 ambazo mtu yeyote mwenye simu huzinunua akiwa amelala kitandani kwake. Madereva waliokuwepo walikuwa tayari kuchanga. Wachangie wapi? Namba ya mita imo ndani ya kabati la chuma, kabati lina kufuli, na mlinzi anasema funguo zilichukuliwa na mafundi waliosimika. Leo ni Jumanne.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Magari matatu kwa siku, kila moja likichukua uniti 25, ni uniti 75. Ukiweka uniti 500, wiki haiishi. Na mteja wa kituo hicho hulipa kwanza kwa simu ndipo mashine iwashe, hivyo hela ya kununua uniti inakuwepo kabla uniti haijatumika. Inakwama wapi kati ya simu ya mteja na mita, wewe ndiye unayejua. Sisi tunahisi tu, na tunachohisi hakiandikiki kwenye barua ya heshima.

Tuje kwenye ethi, yaani waya wa usalama unaounganisha mashine na ardhi, maana hapa ndipo madereva wanapodanganywa sana kwamba magari yao ni mabovu. Kabla ya kuruhusu umeme, mashine na gari huongea kwanza kupitia waya mwembamba. Mashine hutoa volti 12, gari likichomekwa zinashuka hadi 9, likiwa tayari kupokea zinashuka hadi 6, ndipo kontakta, swichi kubwa ya ndani ya mashine, inabana na unasikia ule mlio wa "ta!". Mazungumzo hayo hurudi kupitia waya wa ethi wa kebo, ile pini ya katikati kabisa ya plagi ya Taipu 2, mtindo wa Ulaya. Sasa nenda kaitazame pini hiyo pale kituoni. Ina kutu ya kijani. Kifuniko cha mpira kilishang'oka, kituo hakina paa, na tangu mvua za masika plagi inaning'inia kwa kamba ya katani, mdomo ukiangalia juu kama kikombe. Fundi mwenye mita ya kupimia hatumii dakika mbili: anapima kati ya pini ndogo ya mawasiliano na pini ya katikati, gari likiwa halijachomekwa. Akikosa volti 12, ubovu uko kwenye mashine au kebo yake. Gari halina kosa.

Kuna ethi ya pili, ya ardhini. Mashine nyingi hujipima zenyewe, na zikiona ethi ni dhaifu hukataa kuchaji. Zinafanya vizuri kukataa, maana mtu amesimama kwenye tope akiwa ameshika bodi la gari. Kinachotuudhi ni kwamba ethi ya kituo hiki hugoma kila kiangazi, kisha mvua zikianza inapona yenyewe na ripoti inaandikwa kwamba hitilafu imerekebishwa. Imerekebishwa na mvua, Mheshimiwa! Udongo ukikauka unapitisha umeme kwa shida, na fimbo fupi ya chuma ya ethi iliyopigwa kwenye kifusi haifiki penye unyevu. Dawa yake si ya kuagizwa ng'ambo. Piga fimbo ya pili, umbali kutoka ya kwanza usipungue urefu wa fimbo yenyewe, ziunganishe kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16, kaza vibano, zika waya huo chini wasiuone wauza chakavu, halafu pima mwezi wa 10 wakati ardhi imekauka. Ukipima mwezi wa 3 unajidanganya.

Umeme mdogo nao. Jioni watu wanapopika na kupiga pasi, volti za laini zinashuka, na gari likivuta ampea 32 zinashuka zaidi hadi mashine inajikata kwa kujilinda. Baada ya muda inawasha, inajikata tena. Hiyo washa-zima ndiyo inayokula kontakta. Mashine hiyohiyo inaweza kuliambia gari livute ampea 16 tu. Ni mpangilio wa kwenye menyu, hauhitaji kifaa. Iwekwe 16 kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Gari litachukua muda mara mbili lakini litajaa. Na tukisikia tena mpango wa kuleta mashine ya kilowati 50, tunauliza mapema: transfoma ya pale ni ya ukubwa gani? Kilowati 50 zinataka karibu ampea 80 kila fezi. Transfoma ya uwezo wa kVA 50 haiwezi hata ikiwa mtaa mzima umelala gizani.

Plagi. Nissan Leaf zinazotoka Japani zina mdomo wa Taipu 1, wa kuchaji polepole, na wa CHAdeMO, wa kuchaji haraka. Kituo kina kebo ya Taipu 2 iliyofungwa moja kwa moja kwenye mashine, isiyoingia kwenye midomo hiyo. Kungewekwa soketi badala ya kebo, kila dereva angekuja na waya wake, na hata ile kebo ya kukanyagwa na Fuso za viazi isingekuwepo. Wenye magari ya Kichina yenye mdomo wa GB/T, kiwango cha China, nao waonywe kwa kibao: umbo la plagi linafanana na Taipu 2, ila dume na jike vimebadilishana nafasi, kwa hiyo kulazimisha ni kuvunja pini.

Magari ya petroli kuegeshwa kwenye nafasi ya kuchajia tunaliacha. Mlinzi na minyororo miwili vinatosha.

Labda ofisini mnaona haya ni ya watu wachache. Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Gari la betri ya uniti 40 kwenye barabara kuu, likila uniti 18 kwa kilomita 100, linafika kilomita 200 kwa kubana. Lazima lichaji njiani, na anayeingia Mbeya anaingia betri ikiwa imekauka. Anayetokea Dar ameshapanda mlima Kitonga, na kila mita 100 za kwenda juu gari la kilo 1,700 linakula karibu nusu uniti ya ziada. Mtu huyo akikuta kioo cheusi anaomba soketi ya ukutani gesti, ampea 10, anakaa zaidi ya saa 17. Siku ya utepe mliahidi hakuna hitilafu itakayozidi saa 48. Hatukuomba ahadi hiyo. Mliitoa wenyewe, mbele ya kipaza sauti.

Mheshimiwa, hatuombi mashine mpya, wala semina, wala ziara ya kujifunza nje ya nchi. Paa la bati tutasubiri. Fimbo ya pili tutasubiri. Tunaomba bati dogo libandikwe mlangoni mwa kabati, limeandikwa namba ya mita na namba ya simu ya mtu mmoja, mkazi wa Mbeya, mwenye funguo. Simu iwe inapokelewa. Uniti tutanunua wenyewe kama imefikia hapo.

Namba ya mita na mwenye funguo, Mheshimiwa. Leo hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mafundi na madereva wa magari ya umeme, Mbeya