Huyu Dodds kanikumbusha wewe

Mwanaidi wangu, hujambo?

Meseji yako nimeisoma mara tatu, kwamba umepewa ukuu wa idara alafu salamu hawaitikii, hata yule wa dirishani uliyekuwa unakunywa naye chai, kisa walitegemea apate mwingine. Imeniuma. Nina mtu wa kukusimulia ndo maana nimeandika barua.

Anaitwa E. R. Dodds, Mwairishi, kazaliwa Banbridge 1893, baba yake mwalimu mkuu, pombe ikammaliza baba, mtoto akiwa na miaka saba. Shule ya Belfast walimfukuza kwa kumkosea adabu mkuu wa shule. Akaenda Oxford kusoma Kigiriki na Kilatini, 1916 Wairishi wenzake wakaasi utawala wa Uingereza kule Dublin na yeye akasema wazi yuko upande wao, na Uingereza iko vitani kumbuka, wakamwambia aondoke. Mwaka uliofuata akarudi kufanya mtihani tu, daraja la kwanza!

Sasa sikia hapa. 1936 Gilbert Murray anastaafu uprofesa wa Kigiriki pale Oxford, watu wana uhakika atapewa Bowra au Denniston, wasomi wa Kigiriki, maana wako palepale, kumbe Murray kampendekeza Dodds anayefundisha Birmingham. We! Walimnunia haswa, wakafukua na yale ya Ireland, wakasema na Vita vya Kwanza vya Dunia hakupigana, wakati alishahudumu hospitali ya jeshi kule Serbia.

Yeye akafanya kazi. 1944 akatoa Bacchae, tamthilia ya kale ya Mgiriki Euripides, na maelezo yake, mpaka leo wanafunzi wanaishika. Alafu kuna siku yuko makumbusho London anaangalia sanamu za Parthenon, lile hekalu la kale la Athens, kijana mmoja akamwambia vitu vya Wagiriki havimgusi, vimekaa kiakili mno. Lile neno halikumtoka. 1951 akatoa kitabu, The Greeks and the Irrational, na hichi ndo nakipenda kupita vyote, Wagiriki tuliofundishwa ni watu wa hoja tu kumbe waliogopa wivu wa miungu na laana ya ukoo, wagonjwa walilala hekaluni kwa Asclepius, mungu wa uponyaji, wakisubiri ndoto ya kuwaponya. Bibi yangu wangeelewana naye kabisa.

Kile kiti alikikalia mpaka 1960, miaka 24.

Kitabu nakutumia kwa basi la Ijumaa, anza na sura ya ndoto. Na uniandikie basi, uniambie kama yule wa dirishani ameanza kuitikia.

Wako,
Rehema